Tairodi iliyochomelewa: iruhusiwe barabarani au ipigwe marufuku?

Mjenzi, Jinja

Ndugu zangu, sisi tunaojijengea magari tunaongezeka, na sheria bado haijatutazama usoni. Tangu mwaka 2018 gari lililofikisha miaka 15 haliruhusiwi kuingizwa hapa Uganda, na yaliyo mapya zaidi bei yake mnaijua. Basi mtu ananunua sehemu ya mbele ya gari lililogongwa nyuma, anaunda fremu ya bomba, anakunja mabati ya bodi, na mwishowe ana gari. Mimi ni mmoja wao na ninajivunia. Watu wa Chuo Kikuu cha Makerere walipolitoa Kiira EV, gari lao la umeme, barabarani mwaka 2011, nilijisikia kama nimelisukuma mimi.

Swali langu ni hili: mjenzi aruhusiwe kukata, kurefusha au kuchomelea vyuma vya stelingi? Nasema hapana. Chomelea fremu, chomelea viti, chomelea bodi. Kuanzia raki, kile chuma cha meno kinachosukumwa kushoto na kulia na usukani, hadi gurudumu, moto usiguse.

Nina sababu. Fremu yangu niliifanya nyembamba kuliko gari nililotolea vyuma, tairodi, zile fimbo zinazotoka kwenye raki na kugeuza magurudumu, zikazidi kama sentimita nne kila upande. Fundi akazikata katikati, akazivisha kipande cha bomba, akazichomelea. Kazi ilipendeza, mchomeleo umelala kama magamba ya samaki ngege. Nikapaka rangi nyeusi. Miezi mitano baadaye natoka uani, mwendo wa mtu anayetembea, usukani ukawa mwepesi ghafla. Gurudumu la kushoto lilikuwa limegeukia ukuta, la kulia linatazama barabarani.

Kile kipande ninacho mpaka leo. Hakikukatikia kwenye mchomeleo wenyewe. Kilikatikia milimita mbili tatu pembeni, pale moto ulipofika bila kuyeyusha. Ukikishika juani unaona nusu ya duara ni laini, ina kutu, na mistari iliyopinda kama mwezi mwandamo. Nusu nyingine inametameta chembechembe kama sukari. Yenye kutu ilikwishapasuka siku nyingi chini ya rangi, na siku zote hizo mwanangu alikuwa anakaa kiti cha pembeni. Tulikuwa tunabebwa na ile nusu ya sukari.

Chuma cha tairodi kimefuliwa, kikapikwa na kupozwa kwa kipimo ili kiwe kigumu bila kuwa rahisi kuvunjika. Ukikichomelea, sehemu ya jirani inapashwa kisha inapoa haraka, inakakamaa kama kioo. Halafu barabara zetu zinakivuta na kukisukuma kila shimo. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaoupasha mkono wa stelingi, ule unaoshikana na tairodi gurudumuni, kwa gesi na kuukunja ili ufike.

Fundi, Katwe

Pole, kijana wangu. Lakini usifunge gereji zetu zote kwa kosa la mtu mmoja. Nina miaka thelathini na mashine ya kuchomelea. Chesisi za lori nachomelea, zinabeba mizigo hadi mpakani na kurudi. Na ninyi mnaosoma, tazameni Marekani: wajenzi wa magari ya kupanda miamba wanajitengenezea draglinki, fimbo inayopeleka nguvu ya usukani magurudumuni, kwa bomba nene, wanachomelea vipande vyenye hesi (mizunguko ya skrubu) kila mwisho, na zinashika. Mbona hao huwasemi? Ukipiga marufuku, kazi itafanyika usiku, ipakwe rangi, auziwe mtu asiyejua kitu. Mimi ninayejua nitaogopa kuigusa, na asiyejua ndiye atakayebaki nayo.

Dereva wa lori, Malaba

Mimi si mtu wa chuma. Breki zikifa nina gia, nina hendibreki, natafuta tuta la udongo. Stelingi ikifa sina kitu mkononi. Na mama anayeuza ndizi kando ya barabara hakukaa na fundi wenu kupatana bei. Afande akinisimamisha anaangalia leseni, tairi na taa. Nani analala chini aangalie tairodi? Ukaguzi wa lazima wa magari ulioanza 2016 haukudumu. Mnabishania marufuku ambayo hakuna wa kuisimamia.

Mjenzi, Jinja

Mzee wangu wa Katwe, kwenye bomba umenipata, na naibadilisha kauli yangu. Lakini tazama wanavyofanya. Bomba lile ni chuma chenye kaboni kidogo, kinachokubali moto. Unene wake unajulikana, na ni mwingi kuliko wa fimbo ya kiwandani. Kipande chenye hesi kinaingia ndani kabisa ya bomba, kinachomelewa mdomoni na tena kupitia matundu ya ubavuni. Hicho ni chombo kipya kilichoundwa kwa ajili ya kuchomelewa. Fimbo iliyokatwa ya gari la zamani ni kitu kingine: chuma chake hukijui, na ule upishi wa kiwandani moto wako umeshaufuta. La chesisi nalo, mzee, chesisi inaonya. Inapinda, mlango unakataa kufunga. Tairodi yangu haikunionya.

Wengine hukata ncha na kuvuta hesi upya kwa dai, kile kifaa cha kukatia hesi. Chukueni kalipa, kipimo cha unene, kwanza. Fimbo nyingi hesi zake zimebanwa kwa roli za mashine kiwandani, hazikukatwa, kwa hiyo mwili wa fimbo ni mwembamba kuliko hesi. Dai ikipita hapo inaacha hesi za juujuu, na nati inazishika nusunusu.

Halafu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nililielewa baada ya ajali. Tatizo langu halikuwa urefu wa tairodi. Raki ndiyo ilikuwa pana mno. Kiungio cha ndani cha tairodi kinatakiwa kikae karibu na mstari wa maegemeo ya mikono ya saspensheni, yaani pale mikono inayoshika gurudumu inapofungwa kwenye fremu, ili gurudumu likipanda na kushuka, tairodi na mikono viende pamoja. Raki ikiwa pana kuliko fremu, ukate tairodi usikate, kila shimo litageuza magurudumu bila wewe kugusa usukani. Nilipima hivi: nikatoa springi, nikafunga ubao kwenye habu (kitovu cha gurudumu), nikavuta kamba sambamba na gari, nikainua gurudumu kwa jeki sentimita moja moja, kila mara nikipima toka kambani hadi ncha ya mbele ya ubao na ya nyuma. Gurudumu lilijigeuza hadi nikaona kwa macho. Hata angechomelea fundi bora wa Afrika Mashariki, gari lile lisingefaa.

Nikatafuta raki ya gari dogo ambayo viungio vyake vya ndani vinalingana na fremu yangu. Tairodi zake zilifika bila kukatwa. Gharama ilizidi mara sita ile ya kuchomelea, naikiri, na niliilipa kwa awamu.

Dereva, Uingereza gari la kujijengea hukaguliwa lenyewe, moja moja, kabla ya kupewa namba, na stelingi ni sehemu ya ukaguzi huo. Sisi magari haya si mengi. Tuanze nayo.

Fundi, Katwe

Basi iandikwe hivyo: bomba jipya linalojulikana, lililokaguliwa, ruhusa; fimbo iliyofuliwa isichomelewe. Na siku ya kuiandika mafundi tuwepo, tusiletewe karatasi iliyokwisha. Ada ya ukaguzi sijaikubali bado. Mtu aliyelipa raki kwa awamu mnataka alipe nini tena?

Lakini kile kipande chako kilete Jumamosi. Nina vijana watano wanaojifunza kuchomelea, nataka kila mmoja akishike, aone hiyo nusu yenye kutu.