Wakuu naomba ushauri: nimeweka akiba ya konyagi kwa ajili ya siku mbaya, joto la chumbani haliziharibu?

kijana_wa_rangi3: Wakuu salaam. Tangu zile siku za Oktoba 2025, mtandao umezimwa, Dar ikigonga saa 12 jioni hakuna kutoka, kichwa changu hakijatulia. Nilikuwa na hela kwenye simu, mangi wa mtaani akataka noti, na noti sina. Jirani yangu alikuwa na pakiti za sigara. Akabadilisha na unga na mafuta ya kula, maisha yakaendelea. Nikajifunza. Sasa sigara zinashika unyevu, mchele unaingia wadudu, lakini pombe kali haiozi. Kwa hiyo nimeanza kuweka konyagi, likitokea la kutokea nina kitu cha kubadilishana. Shida ni chumba changu, bati tupu halina dari, mchana ni tanuri. Zitaharibika? Na nichukue mizinga au chupa ndogo?

Chief_Kitimoto: Zitaharibika mkuu. Zitaharibiwa na wewe mwenyewe kabla ya Ijumaa. Nielekeze unapokaa nije kukusaidia ulinzi.

kaunta_mstaafu: Nimesimama kaunta ujana wangu wote, acha nijibu mimi. Pombe kali iliyofungwa haifi. Inayokufa ni bia, miezi michache tu imeisha ladha, na mvinyo wa boksi hivyo hivyo. Zisimamishe, usizilaze, maana kilevi kinakula kizibo, na jua lisizifikie. Ila hilo bati liogope kwa sababu nyingine: kilevi cha asilimia 40 kikifika nyuzi 26 hivi kinatoa mvuke unaoweza kushika moto. Konyagi ina 35, haiko mbali. Chupa moja ivuje na wewe unapikia jiko la mkaa humo humo, utatuandikia ukiwa hospitali. Kuhusu ukubwa, chukua ndogo. Mtu mwenye kilo moja ya unga ukimpa mzinga, chenji atakupa nini?

ustadhi_wa_Tandika: Ndugu yangu, katika pombe wamelaaniwa watu kumi, anayeibeba na anayeiuza wote wamo. Wewe unaulizia joto la bati, la kwako kaburini umeliulizia? Weka tende. Weka maharage.

Chief_Kitimoto: Shehe, kwa tende mtaani kwetu hupewi hata kiberiti.

babu_wa_Ilala: Vijana mnadhani mambo haya yameanza na simu. Mwaka 1983 Sokoine alipowaanza wahujumu uchumi, sisi tulikuwa tunapanga foleni duka la kaya, na hujui ukifika mbele kuna nini. Unarudi na kilichopo. Kitu cha kubadilishana siku zile kilikuwa sabuni, sukari, mafuta ya taa, betri za redio. Mwenye mche wa sabuni alikuwa mtu! Pombe tulikunywa ya mnazi, haikuhitaji kuwekwa na mtu. Na waliokuwa wameweka mali ndani, msako ulipopamba moto walizitoa usiku wakazitupa mitoni. Mimi mwenyewe nilijiokotea… basi, tuyaache.

dada_wa_mahesabu: Kijana wa Rangi Tatu, hujasema una katoni ngapi.

kijana_wa_rangi3: Si nyingi dada. Kaunta mstaafu asante sana, nimekupata. Nikitandika maboksi juu ya bati kwa ndani joto litapungua?

dada_wa_mahesabu: Ngapi?

kijana_wa_rangi3: 22. Na nyingine 10 nimeshatanguliza hela, zinakuja wiki ijayo.

Chief_Kitimoto: Hiyo si akiba, hiyo ni baa isiyo na viti.

majeruhi_wa_viroba: Pole mdogo wangu. Februari 2017 Waziri Mkuu Majaliwa alisimama kule Mirerani akasema viroba, ile pombe kali ya vipakiti, mwisho, na kweli Machi 1 vikawa marufuku. Mimi nilikuwa na stoo. Nilikuwa na mahesabu mazuri kama yako, kwamba haviozi na mteja hakosekani. Usiku mmoja mali inageuka kesi. Na wewe hata leseni ya vileo huna. Wakikuta katoni 22 chumbani kwako utamwambia nani kwamba unasubiri balaa? Angalia stempu za TRA pia, kila chupa. Ukiuziwa zisizo na stempu umenunua matatizo, na ndani hujui walichochanganya. Na jirani akikushauri uongezee na gongo kwa kuwa ni bei rahisi, mkimbie. Ikiharibikiwa kwenye kutengenezwa, mtu anaamka haoni.

dada_wa_mahesabu: Narudi kwangu. Mtu anayepanga chumba cha bati bila dari katoni 32 kazitoa wapi? Hela ya nani?

kijana_wa_rangi3: Sioni inahusiana vipi na joto.

dada_wa_mahesabu: Haya. Nasubiri.

kijana_wa_rangi3: Ni ya kikoba. Mimi ndiye mweka hazina. Sijaiba, muelewane na mimi hapo. Tunavunja Desemba, hela ilikuwa imekaa tu kwenye simu, na siku zile si tuliona hela ya simu inakuwa picha? Nimeigeuza mali. Siku mbaya ikija kikoba kina kitu cha kushika. Isipokuja, Desemba ni sikukuu, nauza, narudisha, na faida kidogo inabaki. Nani anaumia?

dada_wa_mahesabu: Balaa likija mwezi wa nane, wanachama wote watakuwa mlangoni kwako siku hiyo hiyo. Mama mwenye mgonjwa ndani utampa mizinga miwili aende nayo famasi?

kijana_wa_rangi3: Famasi nao wanakunywa.

mwana_wa_Kivu: Miye niko Goma, naomba niseme. Vita iliingia muji mwisho ya mwezi wa kwanza 2025. Banki zikafunga, maji na umeme vikakatika, watu wakaenda kuchota maji mu ziwa Kivu. Sikuona mutu aliacha makala yake juu ya chupa. Watu walitafuta maji, makala, unga, na dola za noti ndogo ndogo, kabisa. Depo zilipasuliwa. Mwenye bunduki akijua uko na pombe, hakuulizi bei, na akisha kunywa ndiyo mubaya zaidi. Ndugu, iyo stoki itakuletea wageni.

mbongo_Durban: Mimi namtetea kidogo. 2020 huku walifunga nchi Machi 27, pombe marufuku mpaka Juni 1, sigara mpaka Agosti. Mananasi yalipanda bei kwa sababu kila nyumba inachachua. Wenye stoki walipiga hela, sikatai, na mimi kwenye sigara sikulala njaa. Ila walilipwa randi. Mchele kwa chupa sikuona.

ustadhi_wa_Tandika: Tumetoka kwenye pombe, tumefika kwenye amana. Yote mawili kwa mpigo!

msomaji_kimya: Samahani, mimi huwa sichangii, lakini hii chai haina hata sukari. Kikoba nilichokijua mimi kina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Mtu mmoja anatoaje hela ya katoni 32 asijulikane? Halafu akaunti imefunguliwa juzi. Nadhani ni mtu wa jumla anapima soko.

kijana_wa_rangi3: Sanduku tulishaacha, siku hizi ni laini ya simu na namba ya siri ninayo mimi. Mnataka niape?

kaunta_mstaafu: Hata kama ni tangazo, nilichosema kuhusu moto kinabaki.

Chief_Kitimoto: Kama ni mtu wa jumla basi aweke bei, tusisumbuane.

mama_Zainabu_mkaanga_samaki: Wewe kijana, na mimi niko Mbagala Rangi Tatu, na kikoba chetu mweka hazina ni kijana. Tangu Idi vikao vinaahirishwa, mara anaumwa, mara laini imepotea. Kikoba chenu kinaitwaje?

kijana_wa_rangi3: Sicho hicho mama.

mama_Zainabu_mkaanga_samaki: Mbona sijataja jina?

Chief_Kitimoto: Mods msifunge uzi, naenda kuchukua karanga.