Mjadala: Je, ni halali programu kumeza upau wa kichwa cha dirisha ili kuokoa nafasi?

Mpangilio: Ndugu wachangiaji, tangu mwaka 2011 GNOME, mazingira ya eneo-kazi ya Linux, imeunganisha upau wa kichwa (ukanda wa juu wenye jina la dirisha na kitufe cha kulifunga), menyu na vitufe vya kazi kuwa mstari mmoja unaochorwa na programu yenyewe, ilhali KDE Plasma, mazingira mengine ya Linux, imeuachia mfumo kazi ya kuchora fremu. Chukueni skrini ya pikseli 1366 kwa 768: tuseme kichwa kinakula pikseli 30, menyu 25, vitufe 40 na upau wa hali 25. Hapo zimekwenda 120, karibu asilimia 16 ya kimo chote, kabla hujasoma hata sentensi moja. Mimi naunga mkono muungano huo, na nadhani wanaoupinga wanapenda kutazama fremu kuliko kazi iliyomo ndani yake.

Kishale: Ndugu Mpangilio, hilo la kutazama fremu ungelihifadhi. Tunachodai ni kwamba mkono ujue njia bila kuongozwa na jicho. Leo programu moja inaficha menyu nyuma ya mistari mitatu, nyingine imeweka kitufe cha kuhifadhi kulia, ya tatu kushoto, na juu pamejaa vitufe kiasi kwamba hapajasalia mahali pa kushika dirisha ulisogeze. Halafu mwaka 2011 ilitoka GNOME 3; vichwa hivyo vilikuja na toleo la 3.10, mwaka 2013.

Mpangilio: Mwaka si hoja. Chrome ilipandisha vichupo hadi mahali pa kichwa tangu 2008, na wanaolilia usawa leo wanaitumia kutwa nzima. Dirisha likijaza skrini, vichupo vinagusa ukingo wa juu, na kanuni ya Fitts ya mwaka 1954, kwamba shabaha kubwa na ya karibu hufikiwa haraka, inatueleza kwa nini shabaha ya namna hiyo ni rahisi: kishale cha kipanya hakiwezi kuipita. Anayekosa pa kushika dirisha ashikilie Alt na kuburuta popote. Asiyeijua Alt, tatizo lake si muundo.

Binti Vichupo: Kumbe asiyejua njia ya mkato hana haki ya kusogeza dirisha? Yupo mtu anayetumia kipanya kwa mkono mmoja kwa sababu ule mwingine hauwezi kufika kwenye kibodi, na kwake upau mtupu wa kichwa ulikuwa mpini. Tena ukingo wa juu ulitumika zamani bila kumpa kila msanidi brashi yake: Macintosh iliweka menyu hapo tangu 1984. Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, ilipoiga kwa Unity, mazingira yake ya wakati huo, ikaificha menyu hadi kishale kifike juu, watu wakawa wanatafuta kitu wasichokiona, na toleo la 14.04 likalazimika kutoa chaguo la kuirudisha ndani ya dirisha.

Fundi Fremu: Mnagombania Alt na kuliacha jambo lenyewe. Upau wa GNOME ni mnene kuliko ule wa kale kwa sababu lazima ubebe vitufe. Programu isiyo na vitufe vingi inabaki na ukanda mpana ulio karibu mtupu, kwa hiyo nafasi haikuokolewa, ilihamishwa. Zaidi ya hapo, katika Wayland, mfumo wa Linux wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, ipo itifaki ya xdg-decoration inayowezesha programu na mfumo kukubaliana nani achore fremu. KDE inaikubali, GNOME haiikubali, ndiyo maana michezo mingi hubeba maktaba ya libdecor, ya kuchorea fremu, ili tu ipate kitufe cha kufungia. Na programu ikiganda, kitufe ilichokichora yenyewe huganda nayo.

Mpangilio: Programu ikiganda, GNOME huleta kisanduku cha kuuliza kama usubiri au uifunge kwa nguvu, kwa hiyo hofu hiyo imepitwa. Kuhusu Alt, dada Binti Vichupo, sikumdharau mtu yeyote. Nilitaja njia iliyopo tayari, inayofanya kazi popote.

Kishale: Popote? Kwenye Xfce, mazingira mengine ya Linux, ni Alt, lakini kwenye hiyo GNOME unayoitetea kitufe cha kuburutia madirisha ni Super, kile chenye nembo ya Windows kwenye kibodi nyingi. Kama wewe mwenyewe hukumbuki ni kipi, unamlaumuje asiyekijua?