Mapazia na mito ya kuagizwa hapa Dodoma: batiki, skrini au kuchapa kwa kompyuta?

NakshiZaKati
Habari za humu wakuu. Mimi ni mbunifu wa vitambaa, niko Dodoma mjini. Nachora nakshi mwenyewe na kushona kwa oda: mapazia, makava ya mito, vitambaa vya meza, matandiko ya kitanda. Siuzi vitu vya tayari. Mteja akinipigia naenda kwake na futi, napima, tunakaa tunaongea kuhusu rangi ya ukuta na sakafu, na kinachotoka hapo hakipo nyumba nyingine. Kazi zimeongezeka kadiri watu wanavyohamia nyumba mpya za Iyumbu, Njedengwa na Kisasa.

Mpaka sasa vitambaa vyangu nachapisha kwa watu mbalimbali. Nataka nichague njia moja niweke mtaji wangu. Zipo tatu: batiki ya nta nifanye mwenyewe uani, meza na fremu za skrini (rangi inasukumwa kupitia wavu uliobanwa kwenye fremu), au nitume mchoro Dar wachape kwa mashine ya kompyuta, mimi nibaki na kuchora na kushona. Ya nne ni kununua kitambaa kisicho na nakshi na kudarizi juu yake. Naomba mnilinganishie kwa hali ya huku kwetu. Jua na vumbi la Dodoma mnavijua.

FundiPazia
Dada, mimi nashona mapazia tu, kwa hiyo nitasema la mapazia. Kabla hujafikiria kuchapa, fikiria upana wa kitambaa, maana ndipo hela inapoyeyuka.

Chukua dirisha la mita 2. Pazia likikunjika vizuri linataka kitambaa cha upana mara mbili au zaidi kidogo. Kitenge kina sentimita 115 hivi, kwa hiyo unaunga vipande vinne. Pazia lishuke mita 2.4, weka upindo wa juu na chini, kila kipande ni mita 2.65. Vinne vinakula mita 10.6, yaani pisi mbili za yadi 6 bila kubaki kitu cha maana. Na hapo bado hujalinganisha nakshi kwenye mishono. Kama mchoro wako unajirudia kila sentimita 64, kila kipande lazima ukikate mita 3.2 ili maua yakutane, na jumla inakuwa mita 12.8. Hizo mita mbili za ziada nani analipa?

Kitambaa cha upana wa sentimita 280 unakilaza: upana wake ndio unakuwa urefu wa pazia. Dirisha hilohilo unanunua mita 4 na chenji kidogo, na hakuna mshono hata mmoja katikati. Lakini nieleze ni meza gani ya skrini, au beseni gani la batiki, litakalobeba upana huo.

Jingine ni jua. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo wakati wa kiangazi, Mei mpaka Agosti, jua linapita kaskazini. Dirisha la kaskazini linapigwa miezi ileile ambayo hakuna wingu. La magharibi linapigwa mwaka mzima, kila jioni. Ukienda kupima usiandike upana na urefu peke yake, andika dirisha linatazama wapi. Na pazia lolote la pamba lenye thamani liwekee bitana. Jua haliishii kwenye rangi, linakula na uzi wenyewe. Nimeshusha mapazia yanayochanika mkononi kwenye mikunjo wakati kitambaa cha ndani ya upindo bado kizima kabisa.

BiMkubwaNta
Mwanangu NakshiZaKati, batiki nimeifanya miaka mingi, nimesomesha watoto nayo. Nitakutetea uichague, lakini kwa kazi yake.

Kwanza, batiki si zote zinapauka. Zinazopauka haraka ni zile za rangi za bei ya chini za kuchovya na chumvi. Tumia rangi za vati, zile zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosi. Kitambaa kinatoka kwenye beseni kikiwa na rangi nyingine kabisa, kinakutana na hewa, na mbele ya macho yako inajitokeza rangi yenyewe. Hizo zimeshika ndani ya uzi na zinastahimili jua na sabuni kuliko karibu rangi zote za pamba. Vaa glavu ndefu na ufunike macho, kostiki inaunguza.

Ila batiki haijirudii. Mita hii na ile ni ndugu, hazifanani kama mapacha. Kwa mito, kwa kitambaa cha ukutani, kwa kichwa cha kitanda, huo ndio uzuri wenyewe na ndio anaoulipia mteja. Kwa mapazia manne ya sebule moja ni mateso. Ukilazimika, vitambaa vyote vya chumba kimoja vichovye siku moja, beseni moja, muda uleule. Asikudanganye mtu kwamba utaongeza mita mbili mwezi ujao ukapata rangi ileile.

Halafu niambie, maji yako ni ya wapi?

NakshiZaKati
Shikamoo mama. Ni ya kisima. Yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri na sufuria zinashika ukoko mweupe.

BiMkubwaNta
Marahaba mwanangu. Basi hilo ukoko ndilo linaloingia kwenye kitambaa. Maji magumu yanashikana na rangi na sabuni, rangi inatoka imefifia na nta iliyochemshwa inaacha utando. Kuna poda ya kulainisha maji inayouzwa pamoja na rangi, inasaidia. Kinachosaidia zaidi ni maji ya mvua. Mvua zenu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, kwa hiyo weka mifereji kwenye bati na tangi kubwa kabla ya kununua beseni hata moja. Batiki inakula maji kuliko mtu anavyodhani: kuchovya, kusuuza, kuchemsha nta itoke, kusuuza tena. Kwa mji wa maji ya shida hiyo ndiyo gharama ya kwanza kuandika. Na maji ya kostiki usimwage kwenye mizabibu ya watu.

Mchapaji_Moro
Mimi nachapa kwa skrini, Morogoro. Ninachokipenda kwenye skrini ni kwamba ukishatengeneza fremu, oda ya mita 10 na ya mita 200 zinatoka sawa, na mteja akirudi baada ya mwaka kuongeza mito miwili unampa kilekile. Kila rangi ina fremu yake. Mchoro wa rangi tatu ni fremu tatu na mtu anayejua kuzilinganisha. Kwa hiyo kama kila mteja wako anataka nakshi yake peke yake, gharama ya fremu itakumaliza. Kama una nakshi zako tano sita unazobadilishia rangi kulingana na nyumba, skrini inalipa.

Kuna jambo la Dodoma ambalo watu wa Dar hawatakwambia. Hewa yenu ni kavu. Rangi ya pigimenti inakaukia kwenye matundu ya skrini kabla hujamaliza meza, na mita ya tano inatoka na mabaka. Niliwahi kuitwa kuchapa huko mwezi wa Agosti, tukaanza alfajiri na kufunga kazi saa tatu asubuhi upepo ulipoanza. Weka gliserini kidogo kwenye rangi, punguza upepo wa mlangoni, na chumba chenyewe kifungwe kwa vumbi.

Na usisahau kuikausha kwa joto. Rangi ya pigimenti imekaa juu ya uzi, inashikiliwa na gundi. Bila joto la nyuzi 150 hivi kwa dakika chache, inatoka ikifuliwa mara ya kwanza. Hata ukiikausha vizuri, msuguano haiupendi. Pazia sawa, mto wa pambo sawa, ila kiti cha sofa kinachokaliwa kila siku usichape kwa pigimenti. Hapo tafuta kitambaa ambacho nakshi imefumwa.

Sarah_wa_Ilazo
Mimi si fundi, ni mteja. Niseme tu tunachoangalia sisi wenye nyumba.

Vumbi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba nikifungua dirisha asubuhi, jioni naandika jina langu juu ya meza. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mshonaji ni: nitalifuaje? Pazia linalotaka kupelekwa kwa dobi maalumu kila mwezi sitaliweza, hata likiwa zuri namna gani. Nataka nilishushe mwenyewe, nilifue nyumbani, lirudi na urefu wake. Niliwahi kushonewa mapazia ya pamba na fundi mmoja, yakafuliwa mara moja yakapanda juu ya sakafu kiganja kizima. Nililia, maana nilikuwa nimeyasubiri na nimeyapenda.

Halafu naomba wabunifu mtupe kitu cha huku. Ukuta wangu tayari una picha ya minazi na bahari. Mimi nimezaliwa Mpwapwa. Kuna mibuyu, kuna zabibu, kuna shanga za Wagogo, kuna ngoma ya muheme inayopigwa na akina mama. Akija mtu akanichorea hivyo vizuri, nitamlipa na nitawaita na dada zangu.

FundiPazia
Dada Sarah, hilo la kupanda juu lina dawa. Pamba ikifuliwa mara ya kwanza inaweza kurudi asilimia 5 au zaidi. Kwenye kipande cha mita 2.65 hizo ni sentimita 13. Kitambaa cha pamba, hasa ile pamba ya kawaida iitwayo marekani, kifuliwe, kikauke na kipigwe pasi kabla mkasi haujakigusa. Bitana nayo vilevile, la sivyo kimoja kinarudi na kingine hakirudi na pazia linajikunja.

MasterPrint
Naona watu wanaikwepa mashine. Niwatetee kidogo.

Kuchapa kwa kompyuta hakuna fremu. Mita moja inawezekana, rangi mia zinawezekana, na upana mkubwa anaousema FundiPazia unapatikana. Kwa mtu ambaye kila mteja anataka nakshi yake, hakuna njia inayoikaribia. Ila ujue unachonunua. Sehemu nyingi zina mashine za sablimesheni (rangi inahamishwa kutoka kwenye karatasi kwa joto), na sablimesheni inashika kwenye poliesta tu, tena nyeupe. Ukiwapelekea pamba wakikubali, waulize wanatumia wino gani, maana pamba inataka wino wake na maandalizi yake. Wengine watachapa tu na rangi itaondoka na maji.

Kuhusu jua, poliesta iliyo nyuma ya kioo inavumilia kuliko pamba. Hairudi ikifuliwa, inakauka upesi. Tatizo lake kwenu ni kwamba katika hewa kavu inajenga umeme tuli na kuvuta vumbi. Suuza kwa maji yenye kilainishi cha nguo, inapungua.

Na rangi unayoiona kwenye simu siyo itakayotoka. Omba kipande cha majaribio kila mara. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kwenda Dar kuangalia kipande kwa macho na kurudi siku hiyohiyo kunawezekana. Usikubali picha ya WhatsApp.

Sarah_wa_Ilazo
Kaka MasterPrint, nimekuelewa, lakini mto wa poliesta shavuni usiku wa Oktoba hapana. Dirishani sawa.

Hesabu_Safi
Upande wa pesa kwa ufupi. Kitu kilichoshonwa kwa kipimo cha dirisha la mtu huwezi kumuuzia mwingine. Kwa hiyo malipo ya awali yafunike kitambaa chote na kuchapa, siyo "nusu" kwa mazoea. Vipimo viandikwe na mteja asaini. Uchoraji uutoze kando na ushonaji, hata kama ni kiasi kidogo, na andika mchoro unabaki wa nani: ukibaki wako unaweza kuutumia tena, akitaka uwe wake peke yake alipe zaidi. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili kazi za ubunifu, peleka michoro yako. Na usinunue mashine wala meza mwaka huu kama oda bado hazijaonyesha ni kitu gani kinarudiwa.

MwanaKolo
Nimefurahi dada Sarah kutaja vya huku. Sisi wa Kondoa tuna michoro ya miambani, ipo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006. Watu warefu wembamba, twiga, pofu, kwa wekundu wa udongo, na ile ya baadaye myeupe. Rangi hizo mbili juu ya marekani isiyopaushwa hazihitaji nyongeza.

Ombi langu kwa mbunifu ni moja. Baadhi ya mapango hayo wazee bado wanayatumia kwa matambiko. Usinakili sura nzima ya mwamba ukaiweka kwenye mto wa kukalia. Nenda Kolo, kijiji kilicho karibu na michoro, tembea na muongozaji, uliza, kisha chora kwa mkono wako mwenyewe kutokana na ulichokiona. Mistari ile ukiisoma vizuri utatoa nakshi za kwako.

NakshiZaKati
Asanteni sana wote, nimeandika kila kitu. Mama BiMkubwaNta, umenipa jibu ambalo sikuwa nalitafuta, la tangi.

Nimeona sasa kwamba nilikuwa natafuta njia moja kwa nyumba yenye sehemu tofauti. Madirishani nitatuma Dar, kitambaa kipana, na kwa anayetaka pamba nitaweka bitana bila mjadala. Mito na vya ukutani nitafanya batiki ya vati, chache, nikianza na maji ya mvua msimu huu. Fremu za skrini nitatengeneza mbili tu, kwa nakshi ya mbuyu ambayo watu wanairudia. Kudarizi nitabaki nako kwa vitambaa vya meza. Na Kolo nitakwenda.

Swali la mwisho: kabla ya kumwahidi mteja kuhusu jua, nijaribu vipi rangi hizi?

BiMkubwaNta
Kata kitambaa cha kila aina upana wa kiganja. Nusu yake ifunike kwa kadibodi nene, ubane isipenye mwanga. Bandika kwenye kioo cha dirisha la kaskazini kuanzia Mei, andika tarehe juu yake. Agosti funua ulinganishe nusu kwa nusu. Utakachokikuta ndicho umwonyeshe mteja mkononi.

FundiPazia
Na cha magharibi pia, dada. Bandika viwili.