Joto la dunia na mabadiliko ya tabianchi ni kitu kimoja au viwili? Huku Busia tumegawanyika

MamaNafaka, Busia
Habari zenu ndugu wote. Nina swali, naomba anayejua anijibu kwa utulivu juu jambo hili limetuletea maneno mengi huku. Mimi nanunua mahindi na maharage kwa wakulima napeleka sokoni, alafu pia ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama cha kuweka akiba. Juzi alikuja afisa mmoja kutufundisha, akawa ni mabadiliko ya tabianchi, tabianchi, toka asubuhi mpaka saa ya chakula. Mama mmoja akauliza hiyo ndiyo lile joto la dunia tunalosikia redioni? Afisa akasema ndio ni hiyo hiyo, akaendelea na mambo yake. Hapo mzee mmoja akasimama, akasema kama ni joto mbona mwezi wa saba kule Kabale kwa binti yake watu wanajifunika blanketi mbili, na mbona sisi hapa tunalia mafuriko? Basi ikawa vurugu, huyu anasema ni ozoni imetoboka, huyu jua limesogea karibu, huyu ni siku za mwisho. Kijana wa chuo akamaliza kabisa, ati wazungu walianza na jina la joto, joto lenyewe likakataa kuja, ndio wakageuza wakaita tabianchi ili wasiaibike. Afisa hakumjibu, muda ukaisha, akaenda zake.

Mimi jambo hili linaniuma kwa sababu mvua ya mwezi wa tatu siku hizi haieleweki na wakulima wangu wananiuliza wapande lini. Majina haya mawili ni kitu kimoja au viwili? Na yule kijana anasema kweli?

Mwalimu_Mbale
Dada, umeuliza jambo la maana, hata wanafunzi wangu wa kidato cha nne (S4) wanachanganya na vitabu wanavyo mkononi. Ni vitu viwili vilivyoshikana. Joto la dunia maana yake ni ule wastani wa joto la dunia nzima, nchi kavu na bahari, unaopanda mwaka hadi mwaka. Mabadiliko ya tabianchi ni joto hilo pamoja na yote linayoyavuta nyuma yake, yaani mvua kubadili mwendo, barafu kuyeyuka, bahari kupanda, ukame kukaza, upepo na mikondo ya bahari kuhama. Mfikirie mgonjwa wa malaria, homa imepanda lakini yeye anatetemeka anaomba blanketi, anatapika, viungo vinauma, hata damu inapungua. Ukimgusa miguu ukaikuta ya baridi huwezi kusema hana homa, unaangalia kipimo.

Sasa mzee wa Kabale. Kabale iko juu milimani, na Juni na Julai ni wakati wake wa baridi tangu enzi za babu zetu, hiyo itaendelea kuwepo. Baridi ya wiki hii ni hali ya hewa. Tabianchi tunaipima kwa wastani wa miaka mingi, kawaida 30, ndio unajua kama kitu kimehama kweli. Na kipimo cha dunia kiko wazi, ukilinganisha na ile miaka ya 1850 hadi 1900, muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa juu kwa kama digrii 1.1, na mwaka 2024 ndio umekuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, kama digrii 1.55 juu. Mtu akisikia digrii moja na nusu anaona kidogo, lakini huo ni wastani wa sayari nzima, sio wa chumba chako.

Kwa huyo kijana, mwambie historia haimuungi mkono. Mwaka 1975 mwanasayansi wa Marekani Wallace Broecker aliandika makala, na katika kichwa cha makala hiyo moja majina yote mawili yapo. Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilianzishwa 1988 na tayari lilikuwa na jina la mabadiliko ya tabianchi, na mwaka huo huo ndio mwanasayansi James Hansen aliwaambia maseneta wa Marekani kwamba joto limeshaanza kupanda. Kwa hiyo hakuna jina lililokimbia. Kama kuna aliyetaka jina moja lisukume lingine ni mshauri wa siasa wa chama cha Republican huko Marekani, Frank Luntz, ambaye mnamo 2002 aliwashauri wanasiasa wao waseme mabadiliko ya tabianchi kwa sababu jina hilo haliwatishi watu kama joto la dunia. Yaani aliyesukuma hilo jina hakuwa anataka hatua zichukuliwe, alitaka watu watulie.

Kijana_wa_Bwera
mimi naongea kutoka huku Kasese. nyinyi mnabishana majina lakini sisi tunaangalia juu tunaona. Mlima Rwenzori mwaka 1906 wale Waitaliano walipoupanda barafu ilikuwa imefunika eneo kama kilomita za mraba 7 hivi, kufika 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, sasa hivi ndio inaisha isha. Kwetu Bakonzo kule kwenye theluji ndio makao ya Kitasamba, mungu wetu wa jadi, kwa hiyo wazee wakiona mlima unakuwa mweusi hawaoni ni habari ya maji tu, wanaona nyumba inabomoka. alafu unakuja unamwambia mzee kama huyo neno tabianchi kwa makaratasi, anakuangalia tu. Ukimuuliza habari za mlima wenyewe atakueleza mpaka jioni, barafu ilifika wapi alipokuwa kijana, na mto Nyamwamba ulivyokuwa kabla haujaanza kutubebea nyumba. 2013 ulitupiga, 2020 ukatupiga tena mpaka hospitali ya Kilembe maji yakaingia. Watu wanajua mambo sana, ni jina tu ndio hawajapewa vizuri

FundiSola_Gulu
Na mimi niulize bila kukasirisha mtu. Huo mlima kuyeyuka sikatai. Lakini tunajuaje sio jua tu limezidi makali? Jua ndio linaleta joto, mimi ndio kazi yangu, napima mwanga wa jua kila siku. Na jambo la pili, Uganda tuna viwanda gani vya kuchoma dunia? Mbona afisa akija anatuambia sisi tuache mkaa tupande miti, kana kwamba sisi ndio tumeharibu?

Mwalimu_Mbale
@FundiSola_Gulu nakujibu la jua kwanza. Kama jua ndilo lingekuwa limezidi, hewa ingepata joto kutoka chini hadi juu kabisa. Vipimo vya setilaiti tangu mwisho wa miaka ya 70 vinaonyesha hewa ya chini tunayopumua inapata joto, lakini ile ya juu sana inapoa. Hiyo ni alama ya hewa ukaa, ile gesi inayotoka tukichoma makaa ya mawe na mafuta, inazuia joto lisitoke kwenda juu. Hewa ukaa yenyewe kabla ya viwanda ilikuwa kama sehemu 280 kwa kila milioni, leo imepita 420, na inapimwa kila siku Mauna Loa kule Hawaii tangu 1958. Jua linapimwa pia na setilaiti na halijaonyesha kupanda kunakolingana na joto hili.

La pili uko sawa kabisa na hata mimi linanichoma. Mchango wa Uganda kwenye hiyo hewa ukaa ni mdogo mno, walioijaza zaidi ni nchi zilizochoma makaa ya mawe na mafuta miaka zaidi ya mia. Mkaa wetu una ubaya wake mwingine, unamaliza misitu na misitu ndio inayoshika udongo. Hapa jirani yangu Bududa mwaka 2010 mlima uliporomoka pale Nametsi ukafukia watu mamia, mvua ilikuwa kubwa lakini pia mteremko ulikuwa umelimwa mpaka juu na miti imekwisha. Afisa anayekuambia panda miti hakosei, anakosea akikufanya uamini kwamba miti yako ndiyo itaponya dunia wakati wenye viwanda wamenyamaza.

Dagaa_Ggaba
Hapo hapo mwalimu, mimi niko hapa Ggaba nauza samaki, na nyinyi mnakumbuka 2020. Ziwa Victoria lilipanda mpaka likaingia kwenye vibanda, tukawa tunatembea juu ya mbao kufika kwenye mitumbwi, wengine nyumba zao mpaka leo hawajarudi. Mwezi wa tano kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42 ikavuka rekodi ya 1964 ambayo ilikuwa 13.41. Hapa watu kila mtu alikuwa na lake, wengine wakasema bwawa la umeme limefungwa kwa makusudi, wengine ziwa limechukizwa. Mimi nauliza, hiyo ilikuwa tabianchi au la? maana kama 1964 lilipanda hivyo hivyo na viwanda vilikuwa vichache basi tunalaumu nini

Mtangazaji_FM, Kasese
Swali la Ggaba ndilo ninalolipenda maana hapa ndipo watu wengi wanapotelea, redioni kwangu napigiwa simu kila kipindi. Jibu la haki ni kwamba vyote viwili. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika ilikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, hali hiyo hutokea yenyewe na ikitokea sisi tunanyeshewa sana. Lakini utafiti uliotoka 2024 kuhusu ziwa hilo ulionyesha kwamba joto la dunia liliongeza uwezekano wa kupanda namna ile kwa kama mara 1.8, na bila joto hilo maji ya ziwa yangekuwa chini zaidi kwa sentimita 7 hivi. Kwa hiyo mvua kubwa ilikuwa inakuja hata hivyo, joto likaiongezea. Hewa ikipata joto digrii moja inabeba unyevu zaidi kama asilimia 7, na unyevu huo siku ukishuka unashuka wote.

Sasa nataka kusema jambo ambalo linaniudhi. Siku hizi kila kitu ni tabianchi. Mtaro umejaa plastiki, maji yanaingia dukani, kiongozi anasimama anasema ni tabianchi. Kinamasi kimejazwa udongo kikajengwa, mafuriko yakija ni tabianchi. Hapana. Neno likitumika hivyo watu wanalichoka, alafu siku ya jambo la kweli hawasikii tena. Afrobarometer, wale wanaokusanya maoni ya wananchi, walipouliza watu katika nchi 34 za Afrika, ripoti ya 2019, waliokuwa wamewahi kusikia mabadiliko ya tabianchi walikuwa kama asilimia 58, na walioelewa vizuri kwamba yanaleta madhara na binadamu anahusika walikuwa asilimia 28 tu. Mimi kipindini sianzi na jina tena. Nauliza, mvua ya kupanda ilikuwa inaanza lini ulipoolewa, na sasa? Mama anaongea dakika kumi, anataja chemchemi iliyokauka, anataja wadudu wapya kwenye mahindi. Akimaliza ndio namwambia, haya unayoyasema yanaitwa hivi, na chanzo chake ni joto la dunia nzima. Hapo hasahau.

MamaNafaka, Busia
Mungu awabariki. Nimesoma yote, nimesomea na mume wangu. Hiyo ya homa nitaitumia Jumamosi kwa kikundi, na yule mzee nitaanza naye yeye, nimuulize habari za mvua kwanza kama mtangazaji alivyosema. Sasa wakulima wangu niwaambie nini kuhusu kupanda? Na hakuna aliyejibu ile ya ozoni, mama aliyeileta ni mkali atauliza tena 🙏

Mwalimu_Mbale
Kuhusu kupanda, mamlaka ya hali ya hewa, UNMA, hutoa utabiri wa msimu kabla ya mvua za Machi hadi Mei na kabla ya zile za mwisho wa mwaka, na hutafsiriwa kwa lugha zetu nyingi. Uliza ofisi ya kilimo ya wilaya wakupe wa upande wenu, usichukue wa Kampala. Na waambie wasipande kwa mvua moja ya kwanza, hiyo ndiyo inayowatia hasara ya mbegu.

Ozoni ni kesi nyingine. Tabaka lile liko juu sana linatukinga na miale mikali ya jua, liliharibiwa na gesi za friji za zamani na makopo ya kupulizia. Nchi zilikubaliana Montreal mwaka 1987 kuziacha, zikaziacha kweli, na tabaka linajirudisha polepole. Halikuwa ndilo linaloleta joto hili. Huyo mama mkali mwambie amesikia jambo la kweli, ila ni jambo la pembeni, na ndilo moja ambalo dunia ilikaa ikalishughulikia.