Wauzaji wa mafuta ya mashini hapa Bukavu, munatutilia nini mu kachupa???

Wandugu niko na hasira kabisa. Kila butiki unaingia hapa Bukavu unakuta tuchupa twa plastike, etikete imeandikwa "huile machine" na picha ya mashini ya kushona, basi. Mafuta gani, imetoka wapi, hakuna! Mama mukubwa wangu anashona, njo kazi yenye inasomesha watoto, akatia ile mafuta na kisha siku kidogo gurudumu ikakuwa nzito, uzi unakatika ovyo, nguo nyeupe ya bibi arusi ikajaa madoa meusi na mwenye nguo anataka kulipwa. Fundi kufungua anakuta uchafu mweusi unanata kama ulimbo, akanusa tu, akasema hii ni vidange, mafuta ya zamani ya gari, wamechanganya na petroli ya taa.

Muelewe: mafuta ya kweli ya mashini ya kushona ni mafuta ya minerali, inasafishwa mpaka rangi yote inaisha, njo maana haichafue nguo. Vidange ni mafuta yenye imeisha kazi mu moteri ya gari, iko na masizi, asidi, na tuvipande twa chuma twenye tunasaga mashini polepole, na kuigusa kila siku na mikono mitupu inaweza kuleta kansa ya ngozi!! Petroli ya taa yenyewe inaosha tu, kisha inakauka na kuacha chuma bila kitu. Na nyie wa kusema "tia mawese", hapana jamani, hapa kwetu asubuhi mawese inaganda hata mu chupa, na ikikawia mu hewa inaanza kunata.

Nikauliza muuzaji, eti "formula ni siri ya kazi". Siri gani? WD-40, ile ya kupulizia ku vyuma, ilivumbuliwa San Diego, Marekani, mu 1953, formula yao ni siri mpaka leo, lakini fishi ya usalama, ile karatasi ya kuonyesha vitu vya ndani, wanaitoa kila mutu asome: karibu nusu ni disolva, maji ya kuyeyusha mafuta, yenye inakauka, mafuta yenyewe haifike 35%, na kidogo gesi ya kaboni ya kusukuma. Ukisoma unajua kama inakufaa ao hapana. Wewe wa kujazia vidange mu kachupa unaficha nini??

Wenye kazi yao ni kupima bidhaa mupite mu mabutiki mufungue ile tuchupa. Na mwenye anajua kwenye wanauza mafuta safi, Ibanda ao Kadutu, aandike hapa na bei, nguo za watu zinangoja.