Tupeane uzoefu: Hisabati ya matumizi ya kila siku kwa watoto wa shule ya msingi wenye ulemavu wa akili

Mwanzisha uzi
Walimu wenzangu na wazazi, salaam. Katika kitengo cha elimu maalumu ninachofundisha, hakuna jambo linalojirudia kama hili: mtoto anataja namba moja hadi ishirini bila kuruka hata moja, ila ukimwomba akuletee vijiko vitano anakukabidhi vyote alivyoshika. Kutaja namba anakujua. Asichokijua ni kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya kundi zima, kanuni ambayo wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel waliieleza mwaka 1978 miongoni mwa kanuni tano za kuhesabu. Kwa hiyo sipimi tena kwa kumwambia "hesabu", bali kwa kumwambia "nipe", nikianza na vitu viwili au vitatu na kubadilisha vitu vyenyewe kila mara, asije akadhani kuwa "tatu" ni jina la vile vifuniko vyekundu. Naomba tupeane uzoefu: ni njia gani iliyomfanya mwanafunzi wako aitumie namba nje ya daftari?

Mwalimu wa darasa la nne
Ahsante kwa mada, mwalimu. Nitazungumzia fedha, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona matunda. Kujumlisha noti na sarafu za thamani mbalimbali hadi zilingane na bei kamili ni mzigo mzito kwa watoto hawa, maana inawabidi washike akilini jumla waliyokwisha kuifikia huku wakitafuta thamani ya sarafu inayofuata. Mimi hutumia njia ya kuongeza moja: mtoto anasoma namba iliyo mbele ya senti, anahesabu noti za moja moja hadi kuifikia, kisha anaongeza noti moja na kusubiri chenji. Bei ikiwa nne na senti kadhaa, anatoa tano. Pale ambapo bei huandikwa kwa maelfu, kanuni ni ileile, ila noti inayohesabiwa ni ya elfu. Ni kweli kwamba hataweza kuhakiki chenji yake, lakini atalipa mwenyewe, na kwa maoni yangu hilo lina uzito kuliko usahihi wa senti. Sharti langu ni kutumia fedha halisi, kwa sababu wapo waliomudu vizuri noti za kuchezea wakakwama kabisa waliposhika za kweli.

Mzazi
Mimi si mwalimu, ila binti yangu ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kujifunza, na watoto wenye hali hiyo kwa kawaida hushika wanachokiona kuliko wanachokisikia. Nyimbo za namba aliziimba kwa furaha bila kupata kitu. Kilichomsaidia ni utepe wa namba uliobandikwa mezani, ambao huufuata kwa kidole. Kazi yake nyumbani ni kupanga sahani, moja kwa kila mtu, na siku sahani ikipungua hahitaji kuambiwa, kwani anamwona mwenye kukosa. Kuhusu muda, hajui bado kusoma saa ya mishale, lakini tunamwekea mchoro wa saa ukionyesha wakati wa kuondoka, naye huulinganisha na saa ya ukutani hadi ifanane nao.

Mwalimu msaidizi
Naunga mkono yote, ila nina angalizo kuhusu sisi watu wazima. Mtoto akisita, tunamwelekeza kidole kwenye jibu, na baada ya muda hasomi tena namba bali anasoma uso wetu. Utaratibu unaonifaa ni kumpa jibu papo hapo katika vipindi vya mwanzo, kisha katika vipindi vinavyofuata kusubiri sekunde 4 au 5 kabla ya kumsaidia. Ukimya huo ni mgumu kwa mwalimu kuliko kwa mtoto!

Mwanzisha uzi
Nashukuru sana. Mwalimu msaidizi, je, kwa wale wanaokaribia kumaliza shule ya msingi na bado wanatatizika kujumlisha kwa kubeba, tuendelee tu?

Mwalimu mstaafu wa elimu maalumu
Niruhusiwe kujibu hili. Kwa mtoto aliyefundishwa kubeba miaka mingi bila mafanikio, mimi humpa kikokotoo na kuelekeza muda uliobaki kwenye mambo ambayo kikokotoo hakimfanyii: kutambua kama habari aliyosomewa inahitaji kujumlisha au kutoa, kubonyeza tarakimu kwa mpangilio, na kushtuka anapojumlisha vitu vichache akapata jibu la mamia. Hilo la kushtuka ndilo linalochukua muda mrefu zaidi, na hulifundisha kwa kumwonyesha majibu mawili, moja la kweli na jingine la ajabu, achague. Huanza na majibu yanayopishana sana, kama 7 na 700, na huyasogeza karibu kadiri anavyozoea. Vilevile, mtoto mkubwa asipewe vihesabio vyenye sura za vitu vya kuchezea vya watoto wachanga. Mwalimu ampe funguo, misumari au vifungo, yaani vitu ambavyo mtu wa umri wake hushika.