Kama huuzi sarafu, usiiweke mnadani! Tumechoka kufanywa vipimo vya bei

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Kuna jamaa Jumapili aliweka kwenye mnada wa mtandaoni sarafu ya heller 20 ya Tabora, ya shaba nyekundu. Mnaokusanya sarafu za enzi za utawala wa Mjerumani mnaijua: 1916, ina herufi T, ilipigwa Tabora kwenyewe wakati wa vita kwa sababu Waingereza walikuwa wamefunga bahari na sarafu kutoka Ujerumani haziingii. Nyekundu zilipigwa chache kuliko za njano na mimi ya njano ninayo tayari. Nyekundu nimeisaka miaka.

Bei ya kuanzia 40,000, kufunga Jumatano saa nne usiku. Nikaweka 70,000. Akatokea mtu hana picha, hana jina la maana, akaweka 80,000. Nikapanda, akapanda. Kila nikiweka dau, haipiti dakika ameshajibu, hata saa saba usiku! Jumatano jioni nikaweka 150,000, akanyamaza. Saa nne kasoro dakika kumi, tangazo likafutwa.

Nikamfuata muuzaji inbox. Jibu lake neno kwa neno: "Samahani mkuu, nilikuwa napima upepo tu."

Ijumaa sarafu imerudi. Ile ile, ina mkwaruzo ule ule pembeni ya taji. Sasa haipo mnadani tena, ina bei moja ya 220,000, na chini kaandika: "Mnadani ilifika 150,000, wenye nia ya kweli njooni." Yaani dau langu, ambalo alikataa kuliheshimu, ndilo analotembea nalo kama ushahidi wa thamani!

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Jumatatu nilipigiwa simu na mzee mmoja ana robo rupia ya fedha ya 1891, ile yenye Kaizari Wilhelm II kavaa kofia ya chuma, bei ya kawaida kabisa. Nikamwambia mzee wangu nivumilie, hela yangu ipo kwenye mnada. Hakuvumilia, na simlaumu. Ukiweka dau ile hela si yako tena mpaka mnada ufungwe, ndivyo tulivyofundishwa. Kumbe upande wa pili mtu anacheza.

Nendeni Pugu kwenye mnada wa mifugo. Mtu apandishe watu bei ya ng'ombe, halafu wakishafika mwisho aseme "nilitaka tu kujua mngetoa ngapi," aondoke na ng'ombe wake. Ataondoka salama? Mtandaoni wanathubutu kwa sababu hatuonani uso kwa uso.

Na hata hicho kipimo chenyewe wanakisoma vibaya. Dau kumi na nne si watu kumi na wanne. Kwenye ule mnada wangu tulikuwa wawili, na mmoja nina hakika ni mpambe wa muuzaji, yaani mtu wake wa kupandisha bei tu. Mpambe akitoka, anabaki mtu mmoja, na mtu mmoja hafanyi bei ya mnada. Kwenye mitandao mikubwa ya nje ni hivyo hivyo: unaandika kiwango chako cha mwisho, mtambo unakupandishia hatua moja tu juu ya anayekufuata. Akiwepo mpambe wa kukusukuma, unalipa mpaka senti ya mwisho uliyoandika, na muuzaji anajisifu sarafu yake inagombewa!

Na wewe muuzaji, hao wanaoiwekea sarafu yako alama ya kuifuatilia mtandaoni nao wanakudanganya. Nusu yao ni wauzaji wenzako wenye sarafu kama yako, wanasubiri kuona yako itaishia wapi. Na ukimya wa siku tatu haumaanishi hakuna mtu. Wanunuzi wazoefu wanajificha mpaka sekunde za mwisho ili wasimpandishie mwenzao. Wauzaji wenye pupa wanaona kimya, wanaogopa, wanafuta, kumbe watu walikuwa wamejipanga.

Unataka kujua kama sarafu yako ina watu? Uliza waziwazi: "Nina pesa ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria, ile yenye picha ya mizani, mnaonaje?" Tutakuambia bure kwamba zipo nyingi na usitegemee utajiri. Angalia bei zilizolipwa, achana na bei zinazoombwa. Piga picha pande zote mbili, taja uzito, na tafadhali msisugue sarafu kwa ndimu na majivu, mnaziua! Una bei ambayo huwezi kushuka chini yake? Ifanye ndiyo bei ya kuanzia, kila mtu aione. Ukishaanza mnada, sarafu ni ya atakayeshinda, hata ikiishia 45,000 na moyo ukakuuma.

Wasimamizi wa makundi ya mnada na ninyi mna lenu. Nimepeleka malalamiko na picha za skrini, nikajibiwa "tumalizane wenyewe." Tutamalizanaje na mtu ambaye ameshafuta kila kitu? Wekeni sheria: dau la kwanza likishaingia, tangazo halifutwi, na anayefuta hauzi tena hapo.

Waliofanyiwa hivi wekeni picha zenu hapa chini, tuone kama ni mtu yule yule. Na wewe uliyeniandikia habari za upepo, najua unasoma. Ondoa ile 150,000 yangu kwenye tangazo lako.